Dawa za mitishamba za Uchina na usalama wa moyo

Dawa za mitishamba za Uchina zimetumika kwa zaidi ya miaka 2,000, na hadi leo mamilioni ya watu huzitegemea. Hata hivyo, baadhi ya mimea hiyo ina kemikali zinazoweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hujidanganya adhaniye kwamba kitokacho kwenye mmea hakina madhara.

Mfano mkuu ni mizizi ya akonito, ambayo Wachina huiita fuzi, chuanwu au caowu, na ambayo hutumiwa kutuliza maumivu ya viungo. Ndani yake mna akonitini, sumu iliyopakwa kwenye mishale huko Uchina hapo kale, kama wawindaji wa Afrika Mashariki walivyotumia sumu ya mti wa msunguti. Akonitini huzuia njia za sodiamu katika chembe za moyo zisifungike. Moyo hupiga ovyo na huweza kusimama. Ndiyo sababu mizizi hiyo hurowekwa na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu ipungue. Isipotayarishwa ipasavyo, hata kiasi kidogo chaweza kuua, wala hakuna dawa maalumu ya kuizimua sumu hiyo.

Ma huang, yaani efedra, hutumiwa kutibu pumu na mafua. Efedrini iliyomo huuharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Nchini Marekani iliuzwa kwa wanaotaka kupunguza uzani, na baadhi yao wakapatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi. Mwaka 2004 serikali ya huko ilipiga marufuku virutubishi vyenye efedrini ya mmea huo.

Gancao, mzizi wenye utamu, ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupunguza potasiamu mwilini na kupandisha shinikizo la damu. Nayo danshen, inayotumiwa kutibu moyo wenyewe, huongeza nguvu za warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa huweza kuvuja damu.

Kwa hivyo, mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amweleze daktari kila mtishamba anaoutumia, na aepuke pakiti zisizotaja viambato. Midomo ikifa ganzi, au moyo ukienda mbio baada ya kunywa dawa, mgonjwa akimbizwe hospitalini pamoja na pakiti yenyewe.