Kiti Hakiitiki: Historia ya Daftari la Vifaa Laini Saba

Daftari la vifaa ni orodha inayoonyesha kila chombo cha kazi kilipo, kilinunuliwa lini na kwa bei gani, kina hali gani na kimo mikononi mwa nani. Siku hizi linahesabiwa kuwa shughuli ya ofisi kubwa, na programu za kompyuta za kulitunza huuzwa kana kwamba ndizo zilizoibuni kazi hiyo. Laini Saba, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera jijini Nairobi, ina historia ya zaidi ya karne moja ya kuhesabu vifaa, na historia hiyo inampa mwenye kuchagua programu kipimo cha kuaminika kuliko orodha ndefu ya sifa inayotolewa na muuzaji. Kipimo hicho ni swali moja la zamani: kifaa kikipotea, nani ataulizwa?

Chimbuko la hesabu hizo ni jeshi. Kikosi cha Kiingereza cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1904 askari wake wenye asili ya Sudan, ambao wazawa wao leo huitwa Wanubi, waliruhusiwa kukaa na familia zao kwenye msitu uliokuwa pembezoni mwa mji mchanga wa Nairobi. Wakauita Kibra, neno lenye maana ya msitu katika lugha yao. Mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, na simulizi za wenyeji hulihusisha jina la Laini Saba na mistari ya uwanja wa shabaha. Jeshi la Kiingereza lilikuwa na desturi ya zamani ya kutunza mali yake: vifaa vya serikali vilipigwa chapa ya kichwa cha mshale, bunduki ilichongwa namba yake, na askari aliyekabidhiwa silaha boharini alitakiwa kuirudisha ileile, si nyingine inayofanana nayo. Ndani ya utaratibu huo mlikuwa na nguzo tatu ambazo hakuna programu ya leo inayoweza kusimama bila hizo, nazo ni alama ya mwenye mali, namba ya kifaa na jina la aliyekishika.

Ukali huo wa hesabu, hata hivyo, uliishia kwenye mali ya serikali. Askari ambaye bunduki yake ilikuwa na namba alijenga nyumba kwenye ardhi isiyokuwa na hati, akikaa kwa kibali tu, na wazawa wake wakahesabiwa kwa miaka mingi kuwa wapangaji wa serikali. Hati ya ardhi ya jamii ya Wanubi ilitolewa mwaka 2017, na ilihusu ekari 288 tu. Daftari, kwa hiyo, halikuwa kamwe chombo kisichoegemea upande wowote, kwa kuwa liliandika kile ambacho mwenye kalamu alitaka kisipotee, na kilichoachwa nje kilibaki bila mtetezi.

Wakazi nao walikuza hesabu zao wenyewe kupitia vyama, yaani vikundi vya kuweka akiba, kusaidiana na kuzikana. Mali ya chama cha namna hiyo aghalabu ni hema, sufuria kubwa na viti vya plastiki, ambavyo hutumika kwenye matanga na harusi za wanachama na kukodishwa kwa wengine ili kutunisha mfuko. Kiti kimoja chatosha kuonyesha jinsi mfumo huo unavyofanya kazi. Nyuma ya egemeo lake hupakwa herufi za jina la chama kwa rangi ya mafuta, ili kisichanganyike na viti vya jirani shughuli inapokwisha. Katika daftari la chama huandikwa idadi iliyotoka, tarehe na jina la aliyeichukua. Na viti vinaporudishwa huhesabiwa mbele ya mashahidi, kilichovunjika kikalipiwa. Alama, namba na jina vimo vyote, isipokuwa namba hapa ni ya jumla ya viti wala si ya kila kiti, na hilo ni uamuzi wa busara, maana gharama ya kukifuatilia kiti kimoja kimoja ingezidi thamani yake.

Mashirika ya afya, elimu na vijana yalipoongezeka Kibera tangu miaka ya 1990, yalikuja na kompyuta, majokofu ya chanjo na jenereta, na pia aina mpya ya mwenye mali, yaani mfadhili aliye mbali. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu ruzuku, kwa mfano, humtaka anayepokea fedha aandike maelezo ya kifaa, namba yake ya kiwandani, chanzo cha fedha, mwenye hati ya umiliki, bei, mahali na hali yake, kisha avihesabu vifaa kwa macho angalau mara moja kila miaka miwili. Uzito wa maelezo hayo ulidhihirika pale shirika la misaada la Marekani, USAID, liliposimamisha kazi zake Julai 2025, kwa kuwa mradi unapofungwa daftari ndilo linaloamua kipi kinabaki, kipi kinarudishwa na kipi kinakabidhiwa kwa mwingine.

Kwa muda mrefu daftari hilo lilitunzwa kwenye majedwali ya kompyuta kama Excel, ambayo ni rahisi kuanza nayo lakini huruhusu nakala nyingi zisizokubaliana na hazionyeshi nani alibadilisha nini. Programu maalumu zilizaliwa ili kuziba mwanya huo. GLPI ilianza Ufaransa mwaka 2003 na Snipe-IT ikafuata Marekani mwaka 2013. Zote mbili ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na zinaweza kutumiwa bila kununua leseni, ingawa kuzisimika na kuzihudumia bado kunahitaji fundi na mashine ya kuzihifadhi. Kibandiko chenye msimbo wa QR, uliobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994, kilichukua nafasi ya herufi za rangi, na simu yenye kamera ikatosha kukisoma.

Ugumu wa kuchagua huanzia pale shirika linapotaka programu moja kwa vifaa vya tehama na visivyo vya tehama pamoja. Kompyuta iliyounganishwa na mtandao inaweza kujitaja yenyewe: programu huuliza, mashine huitika kwa jina lake, kumbukumbu yake na programu zilizomo ndani. Kiti hakiitiki, wala cherehani, wala mtungi wa gesi. Thamani ya vifaa vya aina hizo mbili nayo hushuka kwa mwendo tofauti, kwani tangu mabadiliko ya sheria za kodi ya mwaka 2020 kompyuta nchini Kenya hukatiwa asilimia 25 kwa mwaka katika hesabu za kodi, na samani asilimia 10. Programu iliyobuniwa kwa ajili ya mafundi wa kompyuta huona vizuri vile vinavyoitika na kusahau vingine, na shirika likaishia kuwa na picha kamili ya vipakatalishi vyake huku jenereta, ambayo bei yake huenda ikazidi ya kadhaa kati ya hivyo, ikiwa haimo kabisa.

Dawa ya upofu huo iliwahi kuonekana Kibera kwa njia nyingine. Mwaka 2009, mahali ambapo ramani zilizokuwapo ziliacha patupu, vijana wa vijiji vyake walitembea na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakaweka zahanati, vyoo na vituo vya maji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ramani haikupatikana kwa kuuliza mitambo; ilipatikana kwa miguu ya watu walioijua njia.

Kwa shirika la kiwango cha Laini Saba, basi, programu inayofaa ni ile inayomsaidia mtu anayezunguka na kuhesabu: iendelee kufanya kazi kwenye simu umeme au intaneti inapokatika na kupeleka taarifa baadaye, ikubali kifaa kuandikwa kimoja kimoja au kwa jumla kama viti vya chama, ihifadhi kumbukumbu ya kila badiliko, na iruhusu data yote kutolewa siku mkataba unapokwisha. Kwa kuwa huandika majina ya watu, matumizi yake yamo pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zaidi ya hayo yote, isikubali kuhifadhi kifaa ambacho nafasi ya jina la mshikaji imeachwa wazi. Bohari la jeshi halikumkabidhi bunduki asiye na jina, na chama hakimpi viti asiyejulikana. Programu inayoruhusu nafasi hiyo kubaki tupu, hata iwe ghali namna gani, iko nyuma ya daftari la mweka hazina wa chama.