Windows au Linux: Namna ya Kuchagua na Kuiweka Mifumo Yote Miwili katika Kompyuta Moja

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo zinaendelea kuwaka, lakini mianya mipya ya kiusalama inayogundulika haizibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mwenye steshenari mjini Tarime, Sirari au Mugumu, na kwa shule yenye kompyuta chache, suala hili linagusa mfuko moja kwa moja: ama inunuliwe mashine mpya, ama iliyopo itafutiwe njia ya kutumika kwa usalama.

Windows 11 inahitaji kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato kilichoidhinishwa. Kwa jumla, kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi sharti hilo la mwisho.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Finland, hutolewa kwa leseni huria. Toleo la Linux Mint lenye mandhari ya Xfce huweza kutumika katika kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 hupendekezwa. Faili lake la usakinishaji lina takriban GB 3, na sheria inaruhusu kulipakua mara moja na kulinakili katika mashine nyingi. Hilo huokoa gharama za bando. Kinyume chake, kutumia Windows isiyo na leseni halali ni kosa, kwani programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Linux si ngeni mkoani Mara. Mtandao wa Serengeti Broadband Network uliziunganisha taasisi za umma katika wilaya za Bunda na Serengeti chini ya mradi wa TEHAMA kwa maendeleo vijijini, ulioratibiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwa ushirikiano na chuo kikuu cha teknolojia cha KTH cha nchini Sweden. Wataalamu wake walitumia vifaa vya kuelekeza mawasiliano vyenye kula umeme kidogo na vinavyoendeshwa kwa programu huria, Linux ikiwamo.

Kigezo cha kuchagua

Kigezo kikuu ni kazi inayofanyika. Mifumo kama NeST ya ununuzi wa umma, TAUSI ya mapato na leseni za biashara za halmashauri, na ESS ya watumishi wa umma hufunguliwa kwa kivinjari; kwa hiyo hutumika katika Windows na Linux pia. Uchapaji wa barua, majedwali na mitihani hufanyika kwa LibreOffice, ambayo hufungua mafaili ya Word na Excel. Hata hivyo, mpangilio wa kurasa unaweza kubadilika, hivyo waraka wa kuchapishwa kwingine uhifadhiwe kama PDF.

Windows hubaki ya lazima pale ambapo programu ya uhasibu, printa au skana imetengenezewa mfumo huo pekee. Mwenye mahitaji ya pande zote mbili anaweza kuiweka mifumo yote katika kompyuta moja na kuchagua mmojawapo kila anapowasha.

Hatua za kufuata

Kwanza, Linux ijaribiwe kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, ili kuhakiki kwamba printa, sauti na intaneti vinafanya kazi. Pili, mafaili yote muhimu yanakiliwe katika diski ya nje. Palipo na ulinzi wa BitLocker, ufunguo wa urejeshaji uandikwe na kutunzwa.

Tatu, nafasi ya Linux itengwe kwa kutumia zana ya Windows ya kusimamia diski, na kipengele cha kuwasha haraka kizimwe, kwa kuwa huiacha diski ikiwa haijafungwa kikamilifu. Nne, pale mifumo yote inaposakinishwa upya, Windows itangulie, kisha Linux, ambayo huweka orodha ya kuchagua mfumo.

Kazi hiyo isifanywe umeme ukiwa wa mashaka. Ukikatika diski inapogawanywa, mafaili yanaweza kupotea. Kompyuta mpakato iwe na chaji kamili, na ya mezani iunganishwe na UPS.

Baada ya usakinishaji, saa ya Windows inaweza kurudi nyuma kwa saa 3, kwa kuwa Linux hutunza saa ya mashine kwa majira ya kimataifa. Tofauti hiyo huondolewa ndani ya Linux kwa amri: timedatectl set-local-rtc 1.

Kwa kompyuta za Serikali, mtumishi hapaswi kubadili mfumo endeshi kwa uamuzi wake mwenyewe. Maombi yapelekwe kwanza katika kitengo cha TEHAMA cha halmashauri husika, kwa kuwa taarifa zilizomo ni mali ya umma.