Printa na herufi zilizoachwa nje

Msomaji, programu inapotuma maandishi matupu moja kwa moja kwa printa, haitumi picha za herufi. Hutuma nambari: 65 ni A, 10 husogeza karatasi mstari mmoja, 12 huleta ukurasa mpya. Orodha hiyo, ASCII, ilitolewa Marekani mwaka 1963. Ina nafasi 128 tu, nayo ilipimwa kwa Kiingereza. Kiswahili cha hati za Kilatini kilipita bila shida, hata ng' yetu, kwani irabu zake hazina alama juu. Lakini Kikuyu na Kikamba zilikosa ĩ na ũ, na Kiswahili cha hati za Kiarabu kikabaki mlangoni. Unicode ya mwaka 1991 ilianza kurekebisha hali. Orodha kama hizi zikipangwa tena, wanaisimu wetu wawepo.