Ruhusa, si ufikiaji

Seva ya Git inapohamishwa kutoka Gitosis kwenda Gitolite, programu mbili za kusimamia hazina zake, huandikwa kwamba kinachobadilika ni “udhibiti wa ufikiaji”. Neno hilo halitoshi. Gitosis ilitambua kusoma na kuandika kwa hazina nzima ya msimbo. Gitolite hupanga ruhusa tawi kwa tawi, tena ina alama ya RW+ inayomwezesha mtu kufuta tawi au kuandika upya historia yake. Hayo ni matendo, na Kiswahili huuliza: ruhusa ya kufanya nini? Mpinzani atasema neno “ufikiaji” limeshazoeleka. Naam, limezoeleka, lakini anayefikiria kufika tu atahamisha majina ya watumiaji, awape wote RW+, na kazi ya wenzake inaweza kufutwa kwa amri moja.