Parokia ya Peramiho na Suala la Lugha Ungoni

Historia ya parokia za kimisionari aghalabu huandikwa kwa kuorodhesha mapadre na majengo. Kwa Peramiho, iliyo magharibi ya mji wa Songea, orodha hiyo haitoshi, kwani historia yake ni pia historia ya lugha zilizokutana Ungoni.

Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, Mbenediktini mzaliwa wa Austria. Wakati huo lugha waliyokuja nayo Wangoni kutoka kusini, yenye nasaba na Kizulu, ilikuwa ikimezwa na lugha ya wenyeji waliowatawala. Spiss alilitambua jambo hilo. Mwaka 1904 ilichapishwa huko Berlin kazi yake kuhusu Kingoni na Kisutu, iliyozitenganisha lugha hizo mbili. Kinachoitwa Kingoni leo kimetokana zaidi na Kisutu, lugha ya watawaliwa.

Hata hivyo, kujua lugha ya watu si sawa na kuheshimu imani yao. Masimulizi ya wazee wa Ungoni hutaja kuchomwa kwa kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, kitendo cha mmisionari, miongoni mwa sababu za Wangoni kuingia Vita vya Maji Maji. Agosti 1905 Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa pamoja na wenzake wanne karibu na Liwale. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho iliteketezwa. Februari 1906 Wajerumani walimnyonga Mputa na makumi ya wenzake mjini Songea, baadhi yao wakiwa wamebatizwa kifungoni. Rejesta ya ubatizo huhifadhi jina na tarehe. Haielezi mfungwa aliitikia kwa hiari kiasi gani.

Misheni ilijengwa upya, na mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia. Kiswahili, lugha ya utawala na shule, ndicho kilichowaunganisha Wangoni, Wamatengo na Wandendeule, na kiwanda cha uchapaji cha Peramiho kikakieneza kwa vitabu vya dini na elimu. Altareni Kilatini kiliendelea kutawala hadi mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965).

Kwa hiyo, mtafiti wa Kiswahili anayetumia maandishi ya Peramiho hana budi kuyasoma sambamba na masimulizi ya wenyeji. Maandishi hayo yalitoka mikononi mwa upande mmoja tu wa mapambano ya mwaka 1905.