Nguvu za Golf: hewa kwanza, programu baadaye

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, tufungue boneti. Wenye Golf kuukuu huniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa programu: je, nikibadilisha chipu gari litapata nguvu? Jibu limo kwenye historia ya gari lenyewe.

Golf ilipotoka Ujerumani mwaka 1974, injini yake ndogo ya lita 1.1 ilikuwa na nguvu za farasi 50 tu. Hata ile ya lita 1.6 yenye kabureta ilitoa 75. Kisha mwaka 1976 ikaja GTI: lita 1.6 zilezile, lakini farasi 110! Wahandisi walitoa kabureta, wakaweka mfumo wa Bosch K-Jetronic wa kunyunyiza petroli, na wakaongeza mgandamizo ndani ya silinda. Kompyuta haikuwemo. Hewa iliyoingia iliinua sahani, nayo sahani ikapima petroli. Volkswagen ilipanga kuunda magari 5,000. GTI za kizazi hicho zikapita 450,000.

Miaka ya 1980 injini ikafika lita 1.8. Yenye vali 8 ilitoa farasi 112, yenye vali 16 ikatoa 139. Mwaka 1990 ikaja G60, vali 8 tena, lakini ina pampu inayozungushwa kwa mkanda ili kusukumiza hewa kwenye silinda: farasi 160.

Umeona mtindo? Kila mara walitafuta hewa zaidi.

Programu ilipata nafasi kubwa zilipokuja injini za tabo. GTI ya 1.8 yenye tabo ilikuwa na farasi 150. Toleo la mwaka 2001 la kuadhimisha miaka 25 likapewa 180. Hapo kompyuta ndiyo inayoamua tabo isukume hewa kiasi gani, kwa hiyo kubadilisha programu kunaleta tofauti kubwa. Lakini joto nalo hupanda, na klachi huelemewa.

Golf ya 1.4 isiyo na tabo ni habari nyingine. Kodi yangu inaweza kusogeza wakati wa cheche na kurekebisha petroli, basi. Haiwezi kuumba hewa. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu wa chipu, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, akague plagi na chujio la hewa. Huenda farasi unaowatafuta ni walewale uliouziwa, wamelala tu.