Kuonja na Kuhukumu Pombe: Elimu ya Kale ya Morogoro na Uluguru

Watu wengi wanapotaja utamaduni wa taifa huwaza ngoma, vinyago, hadithi na mashairi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba namna ya kutengeneza chakula na kinywaji, na hasa namna ya kukihukumu kuwa ni chema au kibaya, ni sehemu ya utamaduni huo huo. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi pombe ya nafaka ilivyopikwa na kuonjwa katika mji wa Morogoro na milima ya Uluguru, na kuulinganisha uonjaji huo na ule wa bia ya Kiingereza iitwayo eli, hasa eli ya rangi nyepesi ambayo siku hizi imepata sifa kubwa duniani. Hatukusudii kumsifu mlevi, wala hatusahau kwamba dini ya Kiislamu, yenye wafuasi wengi mjini Morogoro, imeharamisha kileo. Tunachokichunguza ni elimu; na elimu yaweza kuheshimiwa hata na yule asiyetia kinywaji chenyewe mdomoni.

Mji wa Morogoro umelala chini ya Mlima Lupanga, ambao kilele chake hufika kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika karne ya 19 Kisabengo, kiongozi aliyetokea Uzigua, alijenga karibu na hapo ngome iliyojulikana kwa jina la Simbamwene, nayo Henry Morton Stanley aliikuta mwaka 1871 alipokuwa safarini kumtafuta Livingstone. Misafara ya pwani ilipita huko ikielekea bara. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika, na mashamba ya mkonge yakaenea katika tambarare. Hivyo Morogoro ikawa njia panda ya watu. Waluguru walishuka kutoka milimani. Wakutu, Wakaguru, Wagogo, Wanyamwezi na wengineo walikuja kutafuta kazi au biashara. Kila mmoja alikuja na ulimi wake, yaani na kipimo chake cha kinywaji kilicho chema.

Kinywaji kilichowakutanisha ni pombe ya nafaka. Wakaguru na Wagogo huiita ujimbi. Katika vilabu vya mijini jina la komoni limeenea sana. Majina ni mengi, lakini msingi wa kazi ni mmoja. Mtama, ulezi au mahindi hulowekwa majini, kisha hufunikwa mpaka yachipue. Nafaka iliyochipua huanikwa juani na kusagwa, na unga wake ndio kimea. Uji mzito hupikwa na kuachwa upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo kimea kinapotiwa. Kimea kina nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Kwa hiyo uji uliokuwa mzito na chapwa huwa mwepesi na mtamu, nao ndio togwa, wanayopewa hata watoto. Togwa ikiachwa, uchachu huingia. Ikiongezwa kimea na kukaa katika mtungi uliokwisha kuzoea kazi hiyo, hamira iliyomo hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa inayoumua povu. Baada ya siku chache pombe huchujwa kwa kung'uto na kunywewa ingali ikifuka povu. Kwa kawaida kileo chake huwa kati ya asilimia 2 na 5.

Jambo la kuzingatia hapa ni wakati. Leo togwa ni tamu. Kesho ina ukali kidogo. Kesho kutwa ni pombe kamili. Na siku zinazofuata huelekea kuwa siki. Kinywaji hicho hakikai kamwe mahali pamoja. Basi anayekihukumu hahukumu kitu kilichosimama, bali huhukumu saa. Lazima ajue kilikotoka, kilipo sasa na kinakokwenda.

Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliochagua nafaka, walioangalia uchipukaji, na walioamua kwamba sasa mtungi uko tayari. Waliitumia milango yote ya fahamu. Sikio lilisikiliza mchemko wa mtungi, kwani mtungi ulionyamaza umekwisha kazi yake. Jicho lilitazama povu na rangi. Pua ilitofautisha harufu njema ya nafaka iliyoumuka na harufu ya siki, moshi au ukungu. Mwisho ulimi ulipima utamu uliosalia, uchachu ulioingia, ukali wa kileo na uzito wa kinywaji kinapopita kooni. Lugha yetu imehifadhi upimaji huo: pombe huwa chapwa, tamu, chachu, kali, nzito au nyepesi. Na neno kali laweza kuwa sifa au lawama, kwa kutegemea nani anasema na kwa shughuli gani.

Shughuli nayo ilikuwa na hukumu yake. Waluguru huhesabu ukoo, yaani lukolo, kwa upande wa mama, na pombe ilikuwa na nafasi yake katika tambiko, katika sherehe za mwali, katika arusi na katika kazi ya ujima shambani. Pombe ya kuwaita majirani kulima ilifaa iwe ya kushibisha na isimwangushe mtu kabla ya kurudi kwenye jembe. Pombe ya tambiko, ambayo sehemu yake humwagwa chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, haikufaa iwe masalio ya jana. Kwa hiyo swali halikuwa tu kama pombe ni nzuri, bali ni nzuri kwa kazi gani na kwa nani. Aidha, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa desturi mwenye pombe kuonja kwanza mbele ya wageni, ili kuondoa shaka. Onjo hilo la kwanza lilikuwa dhamana: mpishi aliweka mwili wake rehani kwa ajili ya kazi yake.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Ukutu mwaka 1857 na kukaa Zungomero, kusini ya milima ya Uluguru. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza upikaji wa pombe kwa usahihi wa kutosha: nafaka iliyochipushwa, ikatwangwa na kuchanganywa na nyingine isiyochipushwa. Lakini alipofika kwenye ladha aliilinganisha na kimea cha bia dhaifu kilichochacha, ingawa alikiri kwamba wageni walioichukia mwanzoni huizoea upesi. Tunaona hapa tatizo lililotufuata kwa muda mrefu. Burton alikuwa na macho ya kutazama kazi, lakini ulimi alioutumia kuhukumu ulikuwa wa Uingereza. Uchachu, ambao kwa mpishi wa Uluguru ni dalili kwamba kazi inakwenda vizuri, kwake ulikuwa dalili ya kuharibika.

Ajabu ni kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa na pombe iliyo ndugu na yetu. Kabla ya karne ya 15 eli ya Waingereza ilitengenezwa kwa kimea, maji na hamira, bila maua machungu ya mmea uitwao hopsi, ambayo yalienea huko kutoka nchi za jirani ng'ambo ya bahari. Ilipikwa zaidi na wanawake majumbani, ilichacha upesi, na ilibidi inywewe mapema. Miji iliweka waonjaji rasmi wa kuhakikisha kwamba wananchi hawauziwi eli mbovu. John Shakespeare, baba wa mtunzi ambaye michezo yake Mwalimu Nyerere aliifasiri katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, aliteuliwa kuwa mwonjaji wa eli katika mji wa Stratford mwaka 1556. Kazi aliyopewa kwa kiapo ndiyo kazi ambayo mwanamke wa Uluguru aliifanya bila cheo.

Eli ya rangi nyepesi ilitokea baadaye, Waingereza walipojifunza katika karne ya 17 kukausha kimea kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuondolewa moshi, kimea kisiungue wala kunuka. Uluguru kimea kilianikwa juani, nalo jua halina moshi. Zaidi ya hayo, eli huumuliwa katika joto la kawaida, kama pombe yetu. Bali laga, ambayo ndiyo bia ya chupa tuliyoizoea Tanzania, huumuliwa katika baridi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba bia ya kiwandani ni bia halisi na pombe ya mtungini ni kitu cha pembeni, hajaitazama historia ya bia yenyewe.

Huko Marekani waamuzi wa bia walianzisha mpango wao mwaka 1985, na fomu yao hutoa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Ni mizani nzuri, kwani humlazimisha mwonjaji kueleza sababu. Lakini tukiipima pombe ya Uluguru kwa mizani ya eli ya rangi nyepesi, itaanguka: haina uchungu wa hopsi, si angavu, na ina uchachu. Nayo eli hiyo, ikiletwa mbele ya wazee wa tambiko, itaanguka vilevile: ni chungu, haishibishi, na haijulikani nani ameiweka dhamana. Hakuna kosa katika kinywaji chochote kati ya hivyo viwili. Kosa huanza pale mizani ya mmoja inapofanywa sheria kwa mwingine.

Na ndivyo ilivyokuwa chini ya ukoloni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliojenga misheni Morogoro katika miaka ya 1880, walipambana na ngoma na matambiko ambamo pombe ilitumika. Serikali ya kikoloni nayo iliitazama pombe ya Mwafrika kama jambo la polisi, leseni na kodi. Nairobi, katika miaka ya 1920, baraza la mji liliifanya kuwa biashara yake lenyewe. Katika mji huo huo kiwanda cha bia cha walowezi kilianzishwa mwaka 1922. Bia ya chupa ikawa alama ya cheo, na pombe ya kilabuni ikawa alama ya unyonge. Watu wakaanza kuhukumu kwa chupa, si kwa ulimi.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kuondoa kasumba ya namna hiyo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua hisa nyingi katika viwanda vya bia. Mwaka 1993 kampuni ya Afrika Kusini ikaingia ubia. Kiwanda kilibadili mwenyewe, lakini heshima ya mtungi haikubadilika sana. Faraja imetoka Morogoro yenyewe: mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Norwei, walichapisha uchunguzi wa togwa, wakavitaja kwa majina vijidudu vinavyoichachusha na hamira zilizomo. Yale ambayo akina mama waliyatambua kwa pua na ulimi, maabara iliyathibitisha.

Hata hivyo maabara haiwezi kurithi ulimi. Mpishi akifa bila mwanafunzi, orodha ya vijidudu haitatuambia ni saa gani mtungi ufunuliwe. Wala si pombe peke yake itakayopotea. Togwa ya watoto nayo hutegemea ujuzi huo huo wa kimea. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo huwaonya wote wawili: mpishi asilewe sifa, na msifiaji ajue anachokisifu. Inafaa basi shule, vyuo na maofisa utamaduni waketi na wapishi wazee wa Uluguru na kuandika maneno yao ya kupimia, neno kwa neno, maadamu wenye kuyatamka wapo.